Nyumba haijauzwa, advansi imeliwa: haki ya muuzaji iko wapi?

Waulize madalali wa Sinza, Kimara au Tabata muuzaji wa nyumba afanye nini mnunuzi anapogeuka, na jibu utalipata kabla hujamaliza swali: "Advansi hairudi, mzee. Tutafute mteja mwingine." Wanalisema bila kupepesa macho, na wauzaji wengi wa Dar es Salaam wameishi wakiliamini. Lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo ni mdogo kuliko wanavyodhani. Kwenye fedha ndogo halimdhuru mtu. Kwenye mamilioni linaweza kumchukua muuzaji aliyekosewa na kumfanya yeye ndiye mdaiwa.

Sheria ya Tanzania inamlinda muuzaji vizuri tu. Kinacholindwa lakini ni hasara yake, si fedha za mwenzake. Muuzaji anayeijua tofauti hiyo hutoka salama hata mnunuzi akiingia mitini. Asiyeijua hukaa juu ya advansi kama kuku juu ya mayai, mpaka siku anapoletewa wito wa baraza la ardhi.

Tuanze na namna nyumba zinavyouzwa hapa mjini, maana matatizo mengi huzaliwa hapo. Wachache hulipa kwa mkupuo. Mnunuzi wa Goba au Kinyerezi huleta sehemu leo na kuahidi salio ndani ya miezi mitatu. Salio hilo linategemea mkopo wa benki, fedha za SACCOS, shamba linalouzwa Kilosa, au ndugu aliyeko nje ambaye amesema atatuma. Kila kimoja kinaweza kukwama bila mnunuzi kuwa tapeli. Ndiyo maana mara nyingi hagomi waziwazi. Simu huanza kuita bila kupokelewa, kisha unakuja ujumbe: "Shikamoo mzee, naomba univumilie mpaka mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unapita.

Swali la kwanza basi si kama advansi inarudi au hairudi. Ni kama kuna mkataba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza haki ya umiliki wa ardhi uwe wa maandishi, au angalau kuwe na maandishi yanayoonyesha masharti yake, yakiwa na sahihi ya yule anayedaiwa kuutekeleza. Kupeana mikono mbele ya dalali hakutoshi, hata kama walioshuhudia ni mtaa mzima.

Maandishi yenyewe sasa. Kwenye ofisi nyingi za serikali za mitaa utakuta ukurasa uliochanwa kwenye kaunta buku, umeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Mimi fulani nimepokea shilingi milioni kumi kutoka kwa fulani ikiwa ni malipo ya awali ya nyumba yangu iliyopo mtaa huu. Salio litalipwa baadaye." Chini kuna sahihi mbili, mashahidi wawili na mhuri. Muuzaji huukunja, akauweka pamoja na hati yake, akalala usingizi. Ukurasa huo unathibitisha kitu kimoja tu, kwamba yeye amepokea fedha. Bei kamili haimo. Namba ya kiwanja haimo. Salio ni kiasi gani na linalipwa lini, haijulikani. Nini kitatokea lisipolipwa, hakuna neno. Makubaliano ambayo maana yake haiwezi kupatikana kwa uhakika, Sheria ya Mikataba inayahesabu kuwa batili, na makubaliano yakiwa batili aliyepokea fedha ana wajibu wa kuzirudisha. Muuzaji aliyedhani ameshika silaha kumbe ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe.

(Kuhusu mwenyekiti wa serikali ya mtaa: ni shahidi mzuri wa kwamba watu walikutana na kukubaliana. Hathibitishi umiliki, na ile asilimia kumi ya bei inayodaiwa kwenye baadhi ya mitaa haina sheria iliyoiweka.)

Tuseme mkataba upo na umeandikwa vizuri. Bado kuna jambo muuzaji hapendi kuulizwa: je, mnunuzi amegeuka bila sababu? Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeliweka hilo wazi. Kama mke aliyeko Tanga hakushirikishwa na sasa amekuja juu, mnunuzi anayejiondoa hajavunja chochote. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba za urithi za Magomeni na Ilala ambazo ndugu mmoja huziuza kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, au nyumba iliyowekwa rehani benki bila mnunuzi kuambiwa. Hapo fedha zinarudi zote, na muuzaji ashukuru kama hadaiwi zaidi. Katika migogoro mingi ya aina hii mnunuzi anayeitwa kigeugeu ni mtu aliyekwenda kufanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi akakuta jambo lililofichwa. Mtu huyo simlaumu.

Sasa tuje kwa muuzaji msafi: hati ni yake, mwenza ameridhia, mkataba unasema kila kitu, na mnunuzi amegeuka kwa sababu zake. Huyu ana haki gani?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo kwa sehemu kubwa imefuata sheria ya India ya mwaka 1872, inampa haki ya kuuvunja mkataba pale mwenzake anapokataa kabisa kutekeleza, na kudai fidia. Kifungu cha 73 kinaeleza fidia ya nini: hasara iliyotokana kwa kawaida na uvunjaji ule, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Kinaongeza kwamba katika kuipima hasara, njia alizokuwa nazo aliyeumia za kuipunguza nazo zitaangaliwa. Kifungu cha 74 kinahusu mikataba iliyotaja kabisa kiasi au adhabu ya kulipwa mkataba ukivunjwa. Aliyeumia atapata fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kile kiasi ni dari. Si lazima ulipwe mpaka ulifikie.

Hapo ndipo msemo wa madalali unapoanza kuchechemea. Chukulia nyumba ya Goba imekubaliwa kwa shilingi milioni 120. Mnunuzi amelipa milioni 50, na salio la milioni 70 lilipaswa kulipwa ndani ya siku 90. Mkataba una sentensi ambayo mawakili na makarani wameikariri: "Endapo mnunuzi atashindwa kulipa salio, fedha alizolipa hazitarudishwa." Siku 90 zinapita, mnunuzi anasema ameshindwa. Muuzaji anaiuza nyumba tena kwa milioni 112. Hasara ya bei ni milioni 8. Dalali wa mara ya pili amechukua milioni 4, wakili milioni 1.5. Nyumba ilikaa tupu miezi minne ikisubiri, na mpangaji alikuwa akilipa laki 6 kwa mwezi, kwa hiyo milioni 2.4 nyingine. Jumla ni milioni 15.9. Muuzaji anayo milioni 50 mkononi. Hizo milioni 34.1 zilizobaki anazishika kwa haki ipi?

Atasema mkataba unamruhusu. Ndiyo, lakini sentensi ile inatenda kazi ya adhabu, na kifungu cha 74 kinamtaka hakimu aangalie fidia ya kadiri, si ukali wa sentensi. Kama nyumba ingeuzwa tena kwa milioni 130, muuzaji angekuwa amepata faida kwa mwenzake kuvunja mkataba, na hoja ya kubaki na milioni 50 ingekuwa nyepesi zaidi.

Kuna upande wa pili ambao nao ni wa haki. Fedha ndogo inayotolewa mwanzoni kuonyesha kwamba mnunuzi hatanii, ile watu wanayoiita kishika uchumba, ina hadhi tofauti na sehemu ya bei. Ikitajwa hivyo kwenye mkataba, na ikiwa ya kiasi cha kueleweka, muuzaji ana msingi mzuri wa kubaki nayo mnunuzi akigeuka. Ilitolewa kwa kazi hiyo. Milioni 5 au 10 kwenye nyumba ya milioni 120 inaelezeka: muuzaji aliwafukuza wateja wengine, aliacha kutangaza, alilipia upekuzi. Milioni 50 haielezeki. Kwa hiyo ushauri wangu unaenda kinyume na tamaa ya kawaida. Muuzaji asikimbilie advansi kubwa. Achukue kishika uchumba kidogo, kiandikwe kwa jina lake na sharti lake, na fedha nyingine zote ziitwe malipo ya sehemu ya bei zitakazorudishwa baada ya kukata hasara. Mkataba wa namna hiyo una nguvu mbele ya hakimu kuliko ule unaonguruma kwamba hairudi hata senti.

Ile sehemu ya kifungu cha 73 inayosema "ambayo pande zote zilijua" ina asili ya kuvutia. Imebeba kanuni ya kesi ya Uingereza ya mwaka 1854, ya wenye kinu cha kusaga huko Gloucester. Mhimili wa mashine yao ulikatika, wakampa msafirishaji aupeleke kwa fundi. Msafirishaji akachelewa, kinu kikasimama, nao wakadai faida yote waliyoikosa. Wakashindwa, kwa sababu msafirishaji hakuwa amejulishwa kwamba bila mhimili ule kinu kizima kimelala. Hamishia hiyo Mbezi. Unauza nyumba ili ulipie kiwanja Kigamboni ambacho umeshakiwekea fedha, na ukichelewa fedha hizo zinapotea. Au unauza ili umalize deni la benki linalokua kwa riba kila mwezi. Mnunuzi akigeuka, hasara hizo ni za kweli, lakini kama hakuzijua wakati anasaini, utapata shida kuzidai. Aya moja tu inatosha: "Mnunuzi anafahamu kwamba muuzaji anauza nyumba hii ili kulipa deni lake, na kwamba kuchelewa kwa malipo kutamwongezea riba." Wauzaji huona aibu kuandika shida zao kwenye mkataba. Aibu hiyo ina gharama.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wenye mikataba mizuri. Ni muda. Kifungu cha 55 kinasema kwamba kama pande zote zilikusudia muda uwe jambo la msingi, asiyetekeleza kwa wakati anampa mwenzake haki ya kuuvunja mkataba. Kama muda haukuwa jambo la msingi, kuchelewa kunampa haki ya fidia tu, na mkataba unaendelea kuishi. Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi. Mkataba useme wazi kwamba muda wa malipo ni sharti la msingi na kwamba ukipita muuzaji anaweza kuuvunja kwa notisi ya siku kadhaa zilizotajwa.

Hata ukiandika hivyo, unaweza kuupoteza ulinzi huo kwa upole wako. Mnunuzi amechelewa wiki tatu, anakurushia milioni 2 kwa simu na ujumbe: "Mama, pokea hizi kwanza, nyingine zinakuja." Unapokea, unajibu "Ahsante mwanangu." Mwezi unaofuata milioni 1, kisha laki 8. Sheria inasema ukikubali utekelezaji uliochelewa bila kumpa mwenzako taarifa wakati huohuo kwamba bado unadai, huwezi tena kudai fidia kwa kuchelewa kule. Huhitaji kukataa fedha. Unachotakiwa ni kujibu kwa maneno mengine: "Nimepokea. Hii haiondoi haki zangu kwa salio lililopitwa na tarehe." Ujumbe huo ukaubakize kwenye simu; Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua taarifa za kielektroniki kama ushahidi. Najua kwa mila zetu kumjibu hivyo mtu aliyekuamkia ni kama kumtukana. Ndiyo maana wengine humwachia wakili aandike.

Wanunuzi wa mkopo wa benki wanahitaji neno lao. Benki hutuma mthamini, mthamini anakuja na thamani iliyo chini ya bei, benki inakopesha chini ya mahitaji, na mnunuzi anarudi akisema "benki wamekataa." Kama mkataba ulisema mauzo yanategemea benki kukubali, basi hakuna aliyevunja kitu na fedha zinarudi. Kama mkataba ulinyamaza, kukataa kwa benki ni tatizo la mnunuzi. Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba mtu mzima aliyeingia mkataba kwa hiari, bila ulaghai wala udanganyifu, hasamehewi kirahisi kwa sababu mambo yamemwendea vibaya. Muuzaji anayejua mteja wake ni wa benki aamue kabla: ama akubali sharti hilo na kuliwekea muda mfupi wa kuisha, ama alikatae na mnunuzi alijue hivyo.

Wengine huuliza kama mnunuzi anaweza kulazimishwa kununua. Kuomba mahakama iamuru mkataba utekelezwe inawezekana. Kwa muuzaji lakini faida yake ni ndogo: ukishinda, una amri dhidi ya mtu ambaye tatizo lake tangu mwanzo ni kukosa fedha, na nyumba imefungwa miaka yote ya kesi. Uza tena, dai tofauti ya bei.

Hali inakuwa ngumu zaidi kama mnunuzi ameshahamia. Wengi huruhusu hivyo kwa kuaminiana, au kwa sababu mnunuzi amesema anataka kuanza ukarabati. Akishaingia na kuweka marumaru, kumtoa ni kwa njia mbili tu: atoke kwa amani, au kwa amri ya mahakama. Kubadili kitasa akiwa kazini, kung'oa milango au kuita vijana wa mtaani kunaweza kukufanya wewe uwe mshitakiwa. Funguo zingebaki kwako mpaka salio liingie. Hati halisi na fomu za uhamisho zenye sahihi yako nazo zisimfikie mnunuzi kabla ya hapo. Zikabidhiwe kwa wakili atakayezishika kwa masharti yaliyoandikwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuuza mara ya pili kabla ya kuumaliza mkataba wa kwanza. Muuzaji anaona mnunuzi amepotea, anapata mteja mwingine, anasaini. Mnunuzi wa kwanza anasikia, anaenda kwa Msajili wa Hati kuweka zuio akidai ana maslahi kwenye nyumba. Mnunuzi wa pili anakuta usajili umekwama. Muuzaji sasa ana watu wawili wanaomdai, na mmoja wao huenda ameshafika polisi akisema ameuziwa nyumba iliyokwishauzwa. Yote hayo yangezuiwa na barua mbili. Ya kwanza ni ya madai: salio ni kiasi hiki, lilipwe kabla ya tarehe hii. Ya pili, tarehe ikipita, ni ya kuvunja mkataba, ikieleza hasara itakayokatwa na kiasi kitakachorudishwa. Zipelekwe kwa njia yenye ushahidi wa kupokelewa, kwenye anwani iliyotajwa mkatabani. Kama mnunuzi yuko tayari kuelewana, bora zaidi: karatasi ya kusitisha mkataba, sahihi za wote wawili, fedha zirudi kwa njia ya benki, na kila mmoja athibitishe kwamba hana dai jingine.

Yapo mambo madogo ambayo huja kuuma baadaye. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe, na mawakili wa upande wa pili hulijua hilo vizuri. Bei iliyoandikwa kwa dola, kama ilivyozoeleka Masaki na Oysterbay, imepigwa marufuku na kanuni za fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 kwa miamala ya ndani, andika shilingi. Andika pia nani analipa kodi ya faida ya mauzo, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Wapo wanunuzi wanaogeuka hapohapo, baada ya muuzaji kutaka kuwasukumia kodi ambayo haikutajwa kwenye mazungumzo ya bei.

Ikishindikana kuelewana, mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 yamebaki na kazi ya usuluhishi. Shauri la kurudisha nyumba lenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300 huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu ya hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi. Dai ambalo kiini chake ni fedha tu, bila mgogoro wa nani mwenye nyumba, linaweza kuwa shauri la kawaida la mkataba. Hilo lichunguzwe na wakili kabla ya kufungua, kwa sababu kesi iliyofunguliwa pasipostahili hufutwa hata kama muuzaji ana haki. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa, muda unaoonekana mrefu mpaka ukumbuke kwamba siku hizo huhesabiwa hata wakati unaendelea kupokea ujumbe wa "naomba univumilie."